MAMBO YA NYUMBANI: Tuvitunzeje Vitu vya Utoto wa Watoto Wetu?



Juma hili nataka tuongee juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nami nililidharau mpaka likanikuta nyumbani kwangu mwenyewe hapa Mahege. Jambo lenyewe ni hili: vile vitu vya utoto vya watoto wetu, vipi ni vya kutunza, na vipi ni vya kuacha viende?

Mwakumbuka jinsi mto Rufiji ulivyojaa mwezi wa Aprili 2024, ukafunika mashamba na nyumba katika wilaya zetu mbili, Rufiji na Kibiti. Watu hawajapumua, mwanzoni mwa Mei kikaja kimbunga kile kilichoitwa Hidaya. Sisi watu wa huku si wageni wa maji. Wazee wetu waliishi nayo, wakipanda mpunga wakati wa mafuriko, na mahindi ya mlau maji yakisha kuondoka, wakijenga madungu juu ya nguzo. Baada ya mafuriko ya 1968 ndipo ilipokuja Operesheni Rufiji, watu wengi wakahamishwa kutoka bondeni kwenda vijiji vya juu. Basi mtu wa huku akisikia maji yaja, hushika watoto, chakula na sufuria, akaenda zake. Hana nafasi ya kuchagua. Kwa hiyo kuchagua yatupasa kukufanya mapema, wakati wa jua.

Majuma machache baada ya maji yale mama mmoja wa upande wa bondeni alikuja ofisini kwangu. Kila karatasi ya nyumbani kwake ilikwenda na maji, naye alitaka cheti cha ubatizo cha mwanawe. Nikafungua kitabu, nikapata mstari wake: jina la mtoto, siku aliyozaliwa, majina ya wazazi, jina la msimamizi, siku ya ubatizo, na jina la padre. Nikaandika cheti kipya, nikagonga muhuri, nikampa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Yule mama alishukuru, akakikunja cheti vizuri, kisha akasimama mlangoni. Akaniuliza, "Mwalimu, na daftari lake la kwanza je? Lile aliloandika jina lake mwenyewe mara ya kwanza. Kitabu chako hakina?"

Nilicheka kidogo nikidhani anatania. Kumbe hatanii, machozi yalikuwa karibu. Nikaona haya, sikuwa na la kumjibu.

KAMBA YA BIBI

Maneno ya mama yule niliyasahau upesi. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule niliona mchwa wamepanda mguu wa kitanda chetu, wakaingia katika sanduku la bati la mama watoto. Yeye alikuwa shambani. Mimi ni mtu wa kupenda usafi. Tangu chuo cha ualimu nimezoea kuona kila kitu mahali pake. Nikalivuta sanduku uani, nikalimwaga.

Mlikuwa na kadi za kliniki za watoto wote watatu, fulana ndogo ndogo, kiatu kimoja bila mwenzake, rundo la madaftari yaliyoliwa pembeni, gari la makopo lisilo na magurudumu, na kamba ya ukili yenye mafundo, imeota ukungu. Kadi na vyeti nikaviweka kando. Vilivyobaki nikavichoma nyuma ya jiko pamoja na takataka za ua. Nikaosha sanduku, nikalianika juani, nikajiona nimefanya kazi njema.

Jioni binti yetu wa kwanza, ambaye alikuwa na miaka kumi, aliniuliza, "Baba, kamba ya bibi iko wapi?"

Hapo ndipo nilipojua. Mama yangu mzazi alikuwa fundi wa mikeka. Kila Noeli alimsimamisha mjukuu wake mlangoni, akampima kwa kamba ya ukili aliyoisokota mwenyewe, akapiga fundo pale utosi ulipofika. Alianza 2015, mtoto alipoweza kusimama, na fundo la sita alilipiga 2020. Mwaka 2021 mama akafariki kabla ya Noeli. Kamba ile ndiyo kitu pekee alichokuwa nacho mtoto kutoka katika mikono ya bibi yake. Mimi nilikuwa naingia na kutoka siku hizo, sikujua hata kama ilikuwapo.

Mama watoto hakunigombeza. Alisema tu, "Ungeniuliza, baba." Mtoto alikwenda nyuma ya jiko na kijiti, akachokoachokoa majivu mpaka giza likaingia.

Wasomaji wangu, nimekuwa nikilifikiri jambo lile tangu siku hiyo. Kosa langu lilikuwa kwamba nilipima thamani ya kitu kwa sura yake, wala sikuuliza. Lakini kuna kosa la pili, nalo ni la nyumba nzima. Kamba ile ilikuwa imewekwa pamoja na kiatu kimoja na madaftari ya mchwa, haina alama, haina maelezo. Kitu cha thamani kikichanganywa na takataka, siku moja kitatupwa kama takataka. Anayeweka ovyo na anayetupa ovyo mwisho wao ni mmoja.

Katika kitabu cha Kutoka, sura ya 16, twasoma habari za mana jangwani. Waliojiwekea nyingi mpaka asubuhi waliikuta imeoza na kuingia funza. Lakini Musa aliagiza kipimo kimoja tu kiwekwe katika chombo, ili vizazi vya baadaye wakione chakula ambacho baba zao walilishwa. Kipimo kimoja, katika chombo, kwa ajili ya watakaokuja. Sidhani kama twahitaji sheria nyingine nyumbani zaidi ya hiyo.

Basi tugawe mafungu matatu.

FUNGU LA KWANZA: MAKARATASI

Makaratasi ya mtoto si mali yako mzazi. Ni mali yake, nawe ni mtunzaji tu mpaka akue.

La kwanza ni cheti cha kuzaliwa, kitolewacho na RITA. Mtoto aliye chini ya miaka mitano, katika mikoa mingi sasa huandikishwa kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata bila malipo, msingoje akue. Cheti hiki ndicho atakachodaiwa akiomba kitambulisho cha taifa au pasipoti. Akifaulu na kuomba mkopo wa masomo ya juu, Bodi ya Mikopo hutaka cheti kilichohakikiwa na RITA. Nimeona vijana wakihangaika siku za mwisho za maombi, kumbe cheti chao kililiwa na panya darini.

La pili ni kadi ya kliniki. Wengi huitupa mtoto akitimiza miaka mitano. Msifanye hivyo. Humo mna uzito wake tangu kuzaliwa, mna chanjo zake zote, pamoja na ile ya surua na rubela itolewayo miezi 9 na tena miezi 18. Mganga akiuliza miaka kumi baadaye, kadi itamjibu vizuri kuliko kumbukumbu yako.

La tatu ni vyeti vya ubatizo na kipaimara. Hapa nasema kama karani. Cheti ulicho nacho nyumbani ni nakala. Shina lake li katika kitabu cha parokia ulikobatizwa, na pembeni ya mstari ule ndipo huandikwa kipaimara na ndoa yako. Kikipotea, usikate tamaa. Lakini lazima ujue parokia gani na mwaka gani. Watu huja kwangu wakisema, "Nilibatizwa zamani, kule kwa wajomba." Kwa maneno hayo karani hana pa kuanzia. Andikeni parokia, tarehe na namba ya cheti katika daftari la nyumbani.

Mengine ni ripoti za shule za mwisho wa mwaka na vyeti vya mitihani. Cheti cha serikali kikipotea, safari huanza polisi kwa taarifa ya upotevu, kisha gharama na siku nyingi.

Jinsi ya kuyaweka: yawe makavu kwanza. Karatasi yenye unyevu ikifungiwa katika mfuko wa nailoni huota ukungu humo humo. Siku ya jua kali yaachieni hewa kivulini, kisha yatieni katika mfuko safi wa plastiki, na mfuko katika ndoo yenye kifuniko cha kubana. Ndoo haiingiwi na mchwa wala panya, na siku ya maji ina mkono wa kushikia. Isiwekwe sakafuni, na kila mtu wa nyumba ajue ilipo. Msipeleke vyeti dukani kubanwa kwa plastiki ya moto. Kilichobanwa hivyo hakitoki tena bila kuharibika. Toeni nakala, mpelekeeni ndugu anayekaa mbali na bonde. Tena mwenye simu ya picha apige kila karatasi, amtumie mtu wa mji mwingine. Maji ya Rufiji hayawezi kufika nyumba mbili kwa siku moja, ikiwa nyumba ya pili iko Morogoro.

FUNGU LA PILI: VITU

Hapa ndipo penye ugumu, maana moyo wa mzazi hutaka kuweka vyote, na nyumba ya vyumba viwili hukataa.

Kila mtoto awe na chombo chake kimoja, kidogo. Bati la biskuti lafaa, au mkoba wa ukili ndani ya ndoo. Chombo kikijaa, kitu kipya hakiingii mpaka cha zamani kimetoka. Hivyo chombo chenyewe kitawafundisha kuchagua, bila ugomvi.

Wakati wake ni mwezi wa Desemba, shule zikisha kufungwa. Keti na mtoto, mwaga vitu vyake mkekani. Mtoto mdogo, mzazi ndiye achague. Lakini tangu miaka saba hivi mwulize yeye. Utashangaa. Wewe utashika cheti cha tuzo, yeye atashika kizibo cha chupa, akueleze kilitoka wapi. Msikilize. Usitupe kitu cha mtoto nyuma ya mgongo wake, wala cha mwenzi wako. Nimekwisha kuwaeleza yaliyonipata mimi.

Madaftari: weka moja tu kwa mwaka, na katika yote lisikose lile la kwanza lenye jina lake aliloliandika mwenyewe kwa mkono uliopinda. Mengine yafungie karanga.

Nguo: weka moja. Zile nyingine mpe jirani aliyejifungua. Fulana inayokaa sandukuni hali mtoto wa jirani analala bila nguo haileti baraka nyumbani. Nguo ya mwanao ikimvika mwingine haijapotea. Utaiona ikitembea kijijini, na furaha yake yashinda ile ya sandukuni.

Vitu vya kuchezea: gari la makopo au la waya, mtoto wa matambara, mpira wa makaratasi na kamba. Weka kimoja ambacho amekitengeneza kwa mikono yake. Cha dukani hununuliwa tena. Hiki hakipo dukani.

Picha: andikeni nyuma yake kwa penseli, taratibu, jina, mahali na mwaka. Picha isiyo na jina, vizazi viwili vikipita, ni sura ya mgeni. Siku hizi picha nyingi zi katika simu, mia na mia, nasi hudhani ziko salama. Simu ikianguka mtoni zimekwisha zote kwa dakika moja. Kila mwaka chagueni mbili tatu, mkazisafishe mjini kwenye karatasi. Na picha au karatasi zikilowa, msizikwangue wala kuzipangusa, wala msizianike juani. Zitenganisheni polepole zingali mbichi, mzilaze kivulini juu ya kitambaa safi, sura juu, hata zikauke.

Kuna nyumba ambamo mmewekwa kanga au kofia ya mtoto aliyetangulia mbele ya haki. Baba asithubutu kusema, "Hiyo yatuletea huzuni, itupe." Huzuni haikai kwenye kofia. Mama aiweke kwa muda autakao, na siku atakayotaka kuitoa ataitoa mwenyewe. Wala jirani asimhesabie miaka.

FUNGU LA TATU: HABARI

Fungu hili halina uzito wala halichukui nafasi, nalo ndilo kubwa kuliko yote.

Nchini Uganda, ugonjwa wa UKIMWI ulipokuwa ukimaliza wazazi na dawa hazijapatikana kwa watu wa kawaida, wanawake walioishi na virusi waliunda chama chao 1992, kiitwacho NACWOLA. Katika miaka ya 1990 mama hao walianza kuwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Hawakuwa na mali ya kuwaachia. Mama aliandika kwa mkono wake: ulizaliwa wapi, nani alikupa jina na kwa nini, ukoo wako ni upi, kwa baba yako ni wapi, ulipenda kula nini, uliugua nini ukiwa mdogo, mimi mama yako nilikuwa mtu wa namna gani. Mwandishi wa Sweden, Henning Mankell, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hilo, kikatoka 2003. Na huko Afrika Kusini, mwanzoni mwa miaka ya 2000, Padre Philippe Denis wa Shirika la Wadominiko na wenzake waliwasaidia watoto yatima kutengeneza masanduku ya kumbukumbu, na kabla ya kutia kitu sandukuni walikaa kwanza na jamaa, wakasikiliza na kuandika habari za nyumba ile.

Tazameni hekima yake. Waliona kwamba kitu bila habari ni bubu. Kamba ya mama yangu, hata nisingaliichoma, baada ya miaka thelathini ingekuwa kamba tu, kama hakuna aliyeandika ni ya nini.

Tusingoje ugonjwa. Nunueni daftari moja kwa kila mtoto, mwandike: siku na mahali alipozaliwa, na aliyempokea, jina na sababu yake, kitovu chake kilizikwa wapi, neno la kwanza alilosema, jino la kwanza lilipong'oka, nani alilirusha juu ya paa, magonjwa yake, majina ya babu na bibi wa pande zote mbili, na kazi zao. Na kila kitu kilichomo chomboni kiwe na mstari wake humo daftarini. Asiyejua kuandika amwambie mtoto wake mkubwa aandike yeye akisema. Hapo kuna faida mbili, mtoto apata somo la imla na habari za nyumbani kwa wakati mmoja.

Labda mmoja atasema, "Karani, haya ni mambo ya watu wa mjini wenye makabati." La, ndugu yangu. Mwenye kabati aweza kuweka vyote bila kufikiri. Sisi wenye ndoo moja ndio hasa wa kuchagua vema. Mwingine atasema, "Wazee wetu hawakuweka vitu hivyo." Waliweka. Walizika kitovu mahali panapojulikana, wakampa mtoto jina la babu ili babu asisahauliwe, na bibi alisuka mkeka wa mjukuu kabla hajaolewa. Ndio waliotuachia usia kwamba usitupe mbachao kwa msala upitao.

Namalizia na binti yangu. Noeli ya 2024 nilisokota kamba mpya, mbaya, maana sikurithi ufundi wa mama. Nikamwambia, "Njoo, tukisie mafundo ya bibi, tuyapige upya." Akakataa. Alisema, "Yale yalikuwa ya bibi. Hili ni la kwako." Tukapiga fundo moja tu, la mwaka ule, na Noeli ya 2025 la pili.

Kisha tukafungua daftari lake, nikaandika yeye akisema: kwamba bibi yake alimpima Noeli sita, tangu 2015 hadi 2020, mlangoni, kwa ukili aliousokota mwenyewe, kwamba alikuwa akimwambia asiinue visigino, na kwamba kamba ile baba aliichoma Agosti 2024 bila kuuliza. Hilo la mwisho mimi nilitaka kulipita. Akaniambia nalo liandikwe, nikaliandika.

Basi, wasomaji wapenzi, juma hili chukueni saa moja, mtoto mmoja, na daftari moja. Anzeni na tarehe ya kuzaliwa. Mengine mtoto mwenyewe atayauliza.

Wasalaam,
Karani wenu wa parokia, Mahege